Tiba ya Mazungumzo: Kwa Nini Mtaalamu Hakupi Jibu

Muulize mtu aliyekwenda kwa mtaalamu wa saikolojia mara moja asirudi tena. Mara nyingi atakujibu: "Hakuniambia kitu." Aliomba ruhusa kazini, akapanda daladala mbili, akalipia, akakaa karibu saa nzima akieleza mambo ambayo hata dada yake wa tumbo moja hayajui, halafu mwishoni akaulizwa, "Wewe mwenyewe ungependa nini kibadilike?" Akatoka amenuna. Ushauri si angeupata bure kwa shangazi?

Angeupata, tena tele. Wengi wanaofika kwenye kile kiti wameshashauriwa mpaka wamechoka: vumilia, funga na kuomba, msamehe, achana naye, tafuta shughuli ya kufanya. La kufanya wanalijua. Kinachowashinda ni kulifanya, na kila ushauri mpya wasioweza kuutekeleza unawathibitishia kwamba wao ni dhaifu. Tiba ya mazungumzo inaanzia pale ushauri ulipokwama, ndiyo maana mtaalamu aliyefunzwa vizuri huwa bahili wa majibu. Ubahili huo una sababu, na sababu zenyewe zinaonekana vizuri zaidi Rakai na Masaka, kusini-magharibi mwa Uganda, ambako tiba hii ilipimwa vijijini kwa utaratibu uleule unaotumika kupima dawa.

Rakai inapakana na mkoa wa Kagera. Huko, kwenye kijiji cha wavuvi cha Kasensero, ndiko UKIMWI ulikotambuliwa kwa mara ya kwanza Uganda mwaka 1982. Karibu miaka ishirini baadaye watafiti wakiongozwa na daktari Paul Bolton waliwauliza wanakijiji ugonjwa ule umewaachia matatizo gani, mbali na vifo vyenyewe. Wanakijiji walieleza hali mbili zinazowapata walionusurika: mtu anajichukia na kujiona hana thamani, au anajihurumia mpaka anashindwa kuishi. Dalili walizozitaja moja baada ya nyingine zilikaribiana sana na kile ambacho madaktari wanakiita sonona.

Hapa niseme jambo pembeni. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kazi ya J. C. Carothers, daktari aliyewahi kuiongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, ambaye alishikilia kwamba sonona ni adimu kwa Waafrika. Wazo hilo halijafa. Nalisikia hata kwa wenzetu, limegeuzwa kidogo tu: eti haya mambo ya kulala kitandani na kukosa hamu ni ya Wazungu wenye nafasi, sisi tuna shida za kweli. Wanakijiji wa Rakai hawakuwa na nafasi yoyote ya ziada, na ugonjwa waliueleza bila kuongozwa na kitabu cha mtu.

Kilichonivutia zaidi kwenye kazi ile ni namna walivyopima nafuu. Hawakuishia kwenye maswali ya usingizi na machozi. Waliwauliza wanakijiji mtu mzima anayejiweza anatakiwa kufanya nini, wakapata orodha ya wanawake na ya wanaume: kulima, kupika, kulea watoto, kuwa msafi, kusimamia kaya, kushiriki kazi za kijiji, kwenda kuzika. Kwa hiyo mgonjwa hakuhesabiwa amepona kwa kusema tu anajisikia vizuri. Ilibidi ionekane kwenye shamba lake, na kwamba kukiwa na msiba kwa jirani, yupo. Tunapozungumzia tiba ya kisaikolojia kumkuza mtu, mimi naielewa hivyo: mtu arudi kwenye nafasi yake kati ya watu, na ikiwezekana aishike vizuri kuliko alivyokuwa akiishika.

Jaribio lenyewe lilifanyika mwaka 2002. Vijiji 30 vilichaguliwa, 15 vya kuhudumia wanawake na 15 vya kuhudumia wanaume, kisha kura ikaamua vipi vianze kupata tiba na vipi visubiri. Waliopata tiba walikutana kwa makundi madogo, wanawake peke yao na wanaume peke yao, dakika 90 kila wiki, kwa wiki 16. Viongozi wa makundi walikuwa watu wa hukohuko, wa jinsia ileile na lugha ileile, wasio madaktari wala wanasaikolojia, waliopewa mafunzo ya wiki mbili na kuendelea kusimamiwa. Mwanzoni asilimia 86 ya waliopangiwa tiba walikuwa na sonona kamili; baada ya wiki zile 16 wakabaki asilimia 6.5. Kwenye vijiji vilivyosubiri, asilimia 94 walishuka hadi 54.7. Hiyo namba ya mwisho nayo ina maana yake. Wapo wanaopata nafuu kwa muda tu kupita, bila tiba, na mtaalamu mkweli hajitwalii sifa ya kila aliyepona. Ila tofauti kati ya 6.5 na 54.7 haielezwi na muda. Watafiti waliporudi miezi sita baadaye, nafuu ilikuwa bado ipo, na makundi mengi yalikuwa yameendelea kukutana yenyewe bila kiongozi.

Sasa walifanya nini kwenye dakika hizo 90?

Tiba waliyotumia ilibuniwa Marekani na Gerald Klerman na Myrna Weissman kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Msingi wake ni mwepesi kuueleza: sonona, hata ikiwa na mizizi mwilini, huanza na kudumu katikati ya uhusiano wa watu. Ukimfuatilia mgonjwa utakuta kuna mlango ilikoingilia, na milango hiyo ni minne. Amefiwa na maombolezo yamekwama. Ana mgogoro na mtu wa karibu usiosonga mbele wala nyuma. Maisha yamebadilika, amestaafu, amehamia mjini, amepata mtoto, amepimwa akakutwa na virusi, na hajaizoea nafasi mpya. Au ni mpweke, hana watu. Walipoipeleka Uganda mlango wa nne waliuacha, kwa sababu mtu asiye na watu kabisa ni nadra kijijini. Nadhani leo, kwa vyumba vya kupanga vya Dar es Salaam na Nairobi, tungelazimika kuurudisha.

Vikao vya mwanzo vina kazi moja ambayo watu hawaitarajii, nayo ni kumwambia mgonjwa kwamba anaumwa. Anaambiwa wazi kuwa uchovu ule, kukosa usingizi, kusahau, hasira za ghafla na kuchoka na uhai vina jina, vinajulikana na vinatibika. Hajarogwa, si mvivu, imani yake haijapungua. Kwa muda anaruhusiwa kuwa mgonjwa, kama anavyoruhusiwa mwenye malaria kulala asubuhi bila kusemwa, na hapohapo anapewa wajibu wa mgonjwa, yaani kushiriki matibabu. Nimeona watu wakilia kwa kauli hiyo tu. Walikuwa wamejihukumu muda mrefu kwa kosa lisilokuwepo.

Kisha inakuja kazi ya kila wiki, na hapa nitatunga mfano kutokana na mambo yanayojirudia. Mama Salma ana miaka 38, anauza vitenge Tanga, mumewe amehamishiwa kazi Mtwara na yeye amebaki na watoto na mama mkwe. Amezunguka hospitali na maumivu ya kichwa. Vipimo vyote havioneshi kitu. Mwishoni daktari amemwelekeza kwa mshauri. Ni kikao cha nne.

"Wiki hii kichwa kilikuuma zaidi siku gani, Mama Salma?"

"Jumatano. Sikulala kabisa."

"Jumatano kulikuwa na nini?"

"Hakukuwa na kitu, dada. Siku ya kawaida." Anafikiri. "Baba Salma alipiga simu. Akaongea na mama yake weee, mpaka salio likaisha. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni nasubiri nipewe simu."

"Halafu ukafanya nini?"

"Nikaenda kuosha vyombo."

"Na Baba Salma alijuaje kwamba umeumia?"

Kimya. "Hakujua."

Shangazi angekuwa ameshajibu zamani: wanaume ndivyo walivyo, mvumilie, au, mpigie umwambie ukweli wake. Mshauri hajasema lolote kati ya hayo. Amefanya kitu kidogo mno kwa kukitazama: ameunganisha maumivu ya Jumatano na tukio la Jumatano, na muunganiko wenyewe ameuona mgonjwa kwa macho yake. Mama Salma alikuja akiamini kichwa kinamuuma bila sababu. Anaondoka na swali, je, na Ijumaa ile kichwa kiliponiuma ilikuwaje? Wiki ijayo atakuja amejichunguza bila kuagizwa. Swali hilo angepewa kama jibu, "kichwa chako kinauma kwa sababu ya mumeo", angelikataa, na pengine angekuwa na haki ya kulikataa.

Kuona peke yake hakutoshi. Nusu ya pili ya kikao ni mazoezi. Mshauri anajifanya Baba Salma, na Mama Salma anaambiwa aseme anachotaka kusema. Mara ya kwanza inatoka, "Wewe hunijali! Mke wako ni mama yako!" Wanaisimamisha. Baba Salma wa kweli akisikia hivyo atajibu nini? "Atakata simu." Wanajaribu tena. Baada ya kurudia rudia inapatikana sentensi inayosemeka: "Ukipiga simu ikaisha bila mimi kukusikia, usiku silali. Naomba siku ukipiga uanze na mimi, hata dakika mbili." Haina lawama, na ina ombi ambalo mtu anaweza kulitimiza au kulikataa. Wanajadili pia saa ya kumwambia, kwa sababu Baba Salma akiwa zamu hasikilizi mtu.

Na mama mkwe je? Hapa mtaalamu aliyesomea vitabu vya nje peke yake anaweza kuharibu. Mkwe haendewi uso kwa uso na malalamiko. Waliofundisha Uganda waligundua jambo hilohilo: mwanamke anayekwaruzana na mumewe anaweza kumfikishia ujumbe kwa kupika chakula kibaya, na kumlazimisha amkabili mumewe kwa maneno makali kungemwongezea matatizo. Kwa hiyo makundi yalitafuta njia zinazokubalika pale, ikiwa ni pamoja na kumtumia mtu wa tatu. Kwetu yupo wifi mkubwa, yupo somo, yupo mshenga aliyeileta posa. Kujua ni nani wa kumtuma, na kumtuma na maneno gani, kunaingia ndani ya tiba.

Lakini aliyetumwa na Mama Salma baada ya kufikiri ni tofauti na aliyejituma mwenyewe kuja kumsuluhisha. Ukimpa mtu jibu, umetatua la Jumatano. La mwezi ujao litamkuta palepale, na safari hii amejifunza kukutegemea wewe. Akilitafuta mwenyewe ukiwa pembeni yake, anatoka na ujuzi. Nimewahi kumsikia mteja akitumia njia aliyoipatia kwa mumewe kuzungumza na mwenye nyumba wake kuhusu kodi, jambo ambalo hatukuligusa kikaoni hata siku moja. Hapo ndipo tiba inapovuka uponyaji na kugusa makuzi ya mtu.

Kufiwa kuna ugumu wa namna nyingine. Mila zetu zimejaa busara kwenye msiba. Watu wanakesha na mfiwa, wanampikia, wanakaa naye matanga, wanahesabu arobaini, mjane anakaa eda. Wengi wanaofiwa hawahitaji mtaalamu, na ningependa wataalamu tuliseme hilo kwa sauti zaidi kuliko tunavyolisema. Mambo yanakwama pale msiba usipoweza kusemwa. Marehemu amekufa kwa ugonjwa wa aibu, au amejiua, au amepotea ziwani na hakuna kaburi. Au marehemu alikuwa mkali, alipiga, alikuwa na nyumba nyingine, na mjane anaomboleza huku ana hasira, na maiti haisemwi vibaya. Mtu huyo hawezi kumlilia marehemu wa kweli kwa sababu anayeruhusiwa kumtaja ni yule wa kwenye wasifu uliosomwa makaburini. Mshauri hamwambii amseme vibaya. Anauliza tu, siku nzuri na yeye zilikuwaje? Na zile ambazo hazikuwa nzuri? Hisia mbili zinazopingana zikishapata nafasi kwenye chumba kimoja, machozi mara nyingi huja, na usingizi nao hufuata.

Watoto ndio tunaowakosea zaidi katika hili. "Baba amesafiri." Mtoto anasubiri safari ya miaka. Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, ulifanyika utafiti mkubwa wa watoto waliofiwa na mzazi mmoja au wote, 640 kwa jumla, wenye umri wa miaka 7 hadi 13, matokeo yakatoka mwaka 2020. Washauri walikuwa tena watu wa kawaida waliofundishwa. Kwa vikao vya wiki 12, watoto kwenye makundi yao na walezi kwenye yao, walijifunza kutuliza mwili kwa pumzi, kuzitaja hisia, na hatua kwa hatua kusimulia kifo chenyewe: nilikuwa wapi, nani aliniambia, niliona nini, niliwaza nini. Kuna wanaodhani kumkumbusha mtoto ni kumtonesha kidonda. Ukweli ni kwamba mtoto anakumbuka tayari, tena peke yake, usiku. Anaposimulia mara nyingi mbele ya mtu mzima asiyetishika, kumbukumbu inaanza kupoteza ukali wake, na mawazo potofu yanayojificha ndani yake ("ningekwenda kumwita jirani mapema mama asingekufa") yanajitokeza mahali panapoweza kuchunguzwa.

Matokeo yake hayakuwa sawa kila mahali. Katika sehemu tatu kati ya nne za utafiti, za mjini na za vijijini, watoto waliopata tiba walipungukiwa dalili za kiwewe kuliko wenzao wasioipata. Mwaka mmoja baadaye tofauti ilibaki upande wa Kenya, ilhali Tanzania watoto wa makundi yote mawili walikuwa wamekaribiana. Tiba ileile, mwongozo uleule, mazingira tofauti. Anayekuuzia tiba ya kisaikolojia kama dawa isiyoshindwa hajasoma utafiti wake mwenyewe.

Mawazo potofu kama yale ya watoto waliofiwa ndiyo yanayoshughulikiwa hasa na tawi jingine la tiba ya mazungumzo, lile alilolianzisha Aaron Beck huko Philadelphia miaka ya 1960. Linashika wazo lililo kati ya tukio na hisia. Mfano mzito kuliko yote ninayoijua unatoka mashariki mwa Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya kanisa. Wanawake waliobakwa vitani walikuwa wakiishi na hofu na jinamizi, na juu yake hukumu: ni kosa langu, nimechafuka, sina thamani tena. Wengi wao hawakujua kusoma, na tiba hii huko ilikotoka hufanyika kwa kujaza karatasi. Basi karatasi ziliondolewa, hatua zikafupishwa ili zikariwe kichwani, na wasaidizi wa Kikongo wakaongoza makundi. Mwanamke alifundishwa kulichukua wazo lake na kulihoji: nani alikuwa na bunduki? Kulikuwa na njia ya kukimbilia? Ungekuwa ni mdogo wako ametendewa, ungemwambia ni kosa lake? Majibu yalitoka kwake mwenyewe. Miezi sita baada ya tiba, asilimia 9 ya waliokuwa kwenye makundi hayo walikuwa bado na dalili kubwa za sonona au wasiwasi. Miongoni mwa waliopata msaada wa kawaida wa kusikilizwa na kuliwazwa, walikuwa asilimia 42. Utafiti ulichapishwa mwaka 2013.

Tofauti hiyo nakaa nayo sana, kwa sababu kundi la pili halikuachwa. Lilipata msaada, tena msaada mwema wa kusikilizwa. Huruma ni lazima kwenye kazi hii, lakini peke yake inafika nusu ya njia. Unamwambia mtu mara mia "si kosa lako" na anakushukuru, na moyoni haamini hata neno. Hukumu aliyojikatia mwenyewe haifutwi na mtu wa nje. Inabidi aisome upya yeye, kifungu kwa kifungu.

Kuna mahali mfano wangu wa Uganda unanitia wasiwasi. Tiba ileile ya Masaka ilipelekwa kaskazini, Gulu, kwenye kambi za watu waliokimbia vita vya waasi wa Joseph Kony, kwa vijana wa miaka 14 hadi 17. Matokeo ya mwaka 2007 yalionesha wasichana wamepata nafuu ya wazi. Wavulana hapana, mabadiliko yao hayakutosha kusema tiba imefanya kazi. Maelezo yanayotolewa ni mengi na hakuna lililothibitishwa. Langu ni hili: mvulana aliyelelewa kuambiwa mwanaume halii, ukimweka kwenye duara na wavulana wengine kumi waliolelewa hivyohivyo na kuwaambia wazungumzie hisia, umewapa mtihani wa kuigiza ukakamavu. Huenda wangehitaji kuanza na kazi ya mikono, au kukaa na mtu mmoja mmoja, au muda mrefu zaidi kabla ya neno la kwanza. Lakini wanaume wazima wa Masaka walipona kwenye makundi. Kwa hiyo hata maelezo yangu yana tundu.

Kwa msomaji anayefikiria kwenda, machache ya vitendo. Mtu anayesikia sauti wasizosikia wengine, anayekaa siku kadhaa bila kulala huku ana nguvu za ajabu na mipango isiyoshikika, au anayefikiria kujiua, asianze na makundi wala asisubiri miadi ya wiki ijayo. Apelekwe hospitali leo, na asiachwe peke yake njiani. Jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, limegeuzwa utani mitaani, na utani huo umewachelewesha watu wengi kufika mahali pa kutibiwa. Kwa sonona kali, dawa na mazungumzo hufanya kazi pamoja bila ugomvi. Anayekukataza kimojawapo bila kukupima, muulize sababu.

Muulize mtaalamu amesomea nini na nani anamsimamia. Wale wa Masaka walifundishwa wiki mbili tu, ni kweli, lakini nyuma yao kulikuwa na mwongozo ulioandikwa na msimamizi aliyekuwa akipitia vikao vyao. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa makundi hayo kwa matumizi ya nchi yoyote, na Uganda yenyewe shirika la StrongMinds, lililoanzishwa mwaka 2013, limekuwa likiyaeneza. Mtu wa kawaida aliyefundishwa na kusimamiwa ni hazina. Mtu wa kawaida aliyejipachika cheo cha mshauri baada ya semina ya siku moja, na ambaye hakuna anayemwangalia, anaweza kumdhuru mtu, na mijini kwetu wamejaa.

Uliza siri inatunzwaje. Kwenye mtaa ambapo mpokezi wa zahanati ni binamu wa jirani yako, swali hilo halina utovu wa adabu. Ikiwa ni kundi, uliza wamekubaliana nini kuhusu yanayosemwa ndani. Mtaalamu akikuomba uhusiano mwingine wowote, wa biashara, wa mapenzi, wa kumpeleka kwenye kanisa lako au kukupeleka kwenye lake, ondoka.

Vikao vya mwanzo vinaweza kukuacha na uchungu zaidi ya ulivyoingia. Hilo ni la kawaida ukiwa umegusa jambo lililofungwa miaka, ila halitakiwi kuendelea bila mwisho. Mkubaliane mapema mnatafuta nini, kwa lugha inayopimika: kulala usiku, kurudi dukani, kuweza kula mezani na mkwe. Zikipita wiki sita au nane hakuna kilichosogea, mwambie. Mwambie hivyohivyo, "Sioni mabadiliko." Mzuri hatakasirika. Atakaa na wewe mtazame mmekwama wapi, pengine abadilishe njia, pengine akupeleke kwa mwenzake. Kumbuka pia kwamba wengi wanaokuja kwetu hawajawahi kumwambia mtu mwenye cheo kuwa kazi yake haiwasaidii. Ukiweza kumwambia huyo aliye mbele yako, hilo nalo linaandikwa kwenye faili lako kuwa ni maendeleo.